Punda Wasiohesabiwa

"Alfajiri yote ile, gizani, ulikuwa unafanya nini ghalani?"

"Nilikuwa nahesabu magunia, afande."

"Magunia yanahesabiwa na mashine."

"Ndiyo."

"Kwani mashine ilikosea?"

"Haikukosea hata mara moja."

"Sasa wewe ulikuwa unahesabu ili iweje?"

Emilian aliinamisha kichwa, akaanza kukagua kucha zake kana kwamba kaziona leo. Inspekta Selestina Hhando akashusha pumzi. Alishahoji wezi wa pikipiki, wezi wa kahawa mashambani, hata tapeli mmoja aliyewauzia wageni safari ya kreta ya Ngorongoro ilhali hana hata baiskeli. Wote hao walisema sana, na kwa kusema sana wakajifunga wenyewe. Huyu hasemi, na sura yake si ya mwizi. Hilo lilimkera kuliko uongo.

Emilian alikuwa mtunza ghala la ushirika wa vitunguu kule Baray tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Msimu huu ushirika ulifunga mfumo wa akili mnemba. Kamera zake zilihesabu magunia yanayoingia na kutoka, zikatambua sura za watu, zikafungua mlango kwa aliyeruhusiwa na kumnyima asiyeruhusiwa. Wakulima wakauita Jicho. Emilian aliupinga mkutanoni waziwazi, akasema kitu kisichokula ugali hakiwezi kujua uchungu wa kitunguu. Watu walicheka, wakanyoosha mikono, Jicho likapita.

Baada ya hapo mzigo ukaanza kupungua. Mnunuzi wa Arusha alilalamika kwamba vitunguu vinamfikia pungufu, akatishia kuwahama. Ajabu ni kwamba magunia yalikuwa yametimia; yaliyoingia ndiyo yaliyotoka. Mwenyekiti Thomasi akaagiza taarifa ya Jicho, nayo ikatoa jina moja tu la mtu aliyeingia ghalani nje ya saa za kazi. Ndivyo Emilian alivyolala mahabusu Karatu, na kesho asubuhi alikuwa apandishwe kizimbani.

"Mzee wangu," Selestina alisema, safari hii kwa upole, "ukinyamaza mpaka kesho, hakimu hatakusubiri. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu."

"Na bado unanyamaza."

"Nimewaahidi watu."

"Watu gani?"

Emilian akarudi kwenye kucha zake. Selestina alifunga jalada, akachukua funguo za gari.

Njia ya Baray iliteremka na vumbi lake lote, na Ziwa Eyasi likaonekana kwa mbali, jeupe, halina habari na mtu. Ofisini ghalani alimkuta Isaya, mtaalamu aliyeletwa pamoja na mfumo kutoka Arusha, kijana wa miwani na viatu visivyotaka vumbi.

"Freshi kabisa afande, karibu," Isaya alisema, akimsogezea kishikwambi. "Uliza chochote. Andika au ongea, Jicho linaelewa Kiswahili. Na usiwe na wasi kuhusu yule mzee. Sura yake tumeshaifuta, hata akitoka leo mlango haumfungukii."

"Nani kaagiza ifutwe?"

"Mwenyekiti."

"Kabla mahakama haijasema?"

Isaya alianza kufuta vumbi kwenye viatu.

Selestina alikitazama kile kishikwambi kwa jicho baya. Mwezi uliopita, kwenye semina, mkufunzi mmoja mwenye suti ya kumbana aliwaambia wapelelezi kwamba si muda mrefu mashine zitafanya nusu ya kazi yao. Selestina alikunja mikono kifuani siku nzima, kama alivyoikunja sasa, na wali wa mchana akaula kwa hasira.

"Nani ameiba vitunguu?" aliuliza kwa ukali, kama anayehoji mtu wa kweli.

"Sina taarifa ya wizi," Jicho lilijibu kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Magunia yaliyoingia ni sawa na yaliyotoka."

"Emilian alipoingia alfajiri, alitoka na gunia?"

"Hakutoka na gunia."

"Siku yoyote?"

"Siku yoyote."

Selestina akamgeukia Isaya taratibu. "Hilo la kwamba alitoka mikono mitupu mbona halimo kwenye taarifa?"

"Hakuna aliyeuliza, afande. Mwenyekiti aliomba orodha ya walioingia tu."

Hapo mikono ya Selestina ikakunjuka yenyewe. Shahidi wa namna hii alimfahamu vizuri! Ni yule anayejibu alichoulizwa tu, hatii chumvi, haongezi neno, na asipoulizwa anakwenda zake nyumbani na kesi nzima tumboni. Wanasheria wengi huwachukia mashahidi hao. Selestina aliwapenda. Hawana haja ya kutishwa, wanahitaji mtu anayejua kuuliza, na miaka yote hiyo yeye hakuwa na kazi nyingine.

Akavuta kiti. "Huko ndani alikuwa anafanya nini?"

Kioo kikaonyesha ghala lenye giza, picha ya kijivu. Emilian alipita kati ya magunia, mkono umenyooshwa, akigusa sehemu ya juu ya kila gunia moja baada ya lingine. Hakuwa akihesabu. Alikuwa akipapasa, kama mama anayepapasa vichwa vya watoto waliolala kujua yupi ana homa.

"Kuna nini juu ya gunia?" Isaya aliuliza.

Jibu Selestina alikuwa nalo, lakini alitaka kulisikia kwa mwenye mali.

Lusia alikuwa shambani kwake, karibu na mfereji, akipalilia vitunguu vya awamu ya pili. Alikuwa mmoja wa wanachama wakubwa wa ushirika, mama mwenye mdomo unaojulikana mpaka Karatu mjini. Walisalimiana Kiiraqw, wakaulizana mvua na wagonjwa, halafu Selestina akaingia.

"Mama, hivi magunia yenu mnayafungaje?"

"Kwa mujibu wa sheria, afande. Juu bapa kabisa, unaweza kuweka chai."

"Bila kilemba, ile nundu ya juu?"

"Kilemba!" Lusia alishika kifua. "Lumbesa ni kosa, afande. Lumbesa inamnyonya mkulima. Gunia lijazwe mpaka mdomoni, likishonwa liwe sawasawa." Aliyatoa maneno hayo bila kupumua, kama mtoto anayemsomea mkaguzi wa shule.

Selestina alicheka mpaka machozi. "Mama, mimi ni mtoto wa kijijini Buger. Baba yangu alikuwa anajaza gunia mpaka linavimba kama mjamzito wa mapacha, halafu anafuma kamba juu yake, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kamba. Sikutumwa na watu wa vipimo. Namtafuta mwizi."

"Mwizi mnaye."

"Tuliye naye hasemi. Nimembana, nimembembeleza, hasemi. Ananiambia amewaahidi watu."

Jembe la Lusia lilisimama hewani. "Hajataja lumbesa?"

"Hajataja. Na kesho anapanda kizimbani kwa sababu hajataja."

Lusia alikaa chini palepale, juu ya tuta, hakujali vitunguu vyake. Alilia bila kuficha uso. Alipopata sauti alieleza yote. Wanachama walikubaliana mkutanoni, mkubwa kwa mdogo, mwenyekiti akiwaapisha, kwamba mtu wa serikali akija, awe nani, hakuna kutaja kilemba. Mnunuzi anakitaka, sheria inakikataa, nao wako katikati. Basi magunia yakaanza kutoka ghalani yakiwa bapa, vilemba vimekatwa na kushonwa upya.

"Tuliona, afande. Wote tuliona kwa macho. Lakini tungesema kimeibwa nini? Kitu ambacho tumeapa hatuna?"

"Na mnunuzi?"

"Naye akaseme nini polisi? Kwamba lumbesa yake imepungua?"

"Mkamwacha Emilian aende jela kwa ajili ya vilemba vyenu."

"Tulidhani atasema," Lusia alijibu, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Sisi tungesema."

Selestina alirudi ghalani akiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Hakuketi. Alikiinua kishikwambi kama anayemwinua shahidi asimame.

"Jicho. Chukua picha za kila gunia likiingia, na za gunia hilohilo likitoka. Linganisha urefu."

"Nimelinganisha. Magunia mengi yalitoka yakiwa mafupi kuliko yalivyoingia."

Isaya alipiga mbinja. "Duh! Noma. Tuliifundisha kuhesabu, afande. Kupima hatukuifundisha."

"Inajua, ila haikuombwa. Jicho, vitunguu hivyo vilitoka kwa gari?"

"Hapana."

"Kwa mtu aliyebeba gunia, au kapu, au ndoo?"

"Hapana."

"Nje ya ghala kulipita kitu gani ambacho hukukiweka kwenye taarifa zako?"

"Wanyama. Niliagizwa nisiwatolee taarifa wanyama."

"Nani alikuagiza?"

"Isaya."

Selestina aligeuka, akamkuta Isaya ameshika miwani mkononi, jasho linamtoka.

"Nilijua utafika hapo," Isaya alisema, slangi imemkauka mdomoni. "Afande, naapa sijala hata kitunguu kimoja."

"Basi mbona unatokwa jasho?"

"Kazi yangu! Wakisikia Jicho lilipitwa na kitu, kampuni inanirudisha nyumbani. Niliifunga sehemu ya wanyama mimi, ni kweli. Taarifa za mbuzi na mbwa zilikuwa zinapiga kelele kwenye simu ya mwenyekiti usiku na mchana. Alinijia amekasirika, akasema niwaondoe wanyama wote, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza."

"Wote, au alitaja mmoja?"

Isaya alivaa miwani polepole. "Alitaja punda. Mara mbili."

"Umewaondoa kwenye kumbukumbu?"

"Hapana. Linaendelea kuwaona, ila haliwasemi."

"Jicho," Selestina alisema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kubembeleza. "Nionyeshe punda."

Wakaja. Punda wa kijivu, mifuko ya ngozi mbavuni, wakivuka mfereji peke yao bila mchungaji, wakaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya ghala, chini ya dirisha la kupitishia hewa. Mbao za dirisha zikafunguka kwa ndani. Mkono ukatoa majani ya vitunguu, punda wakala. Halafu vitunguu vikamiminwa kwenye mifuko, na punda wakageuka na kurudi walikotoka kwa heshima zote, kama wazee waliotoka kanisani. Siku nyingine tena, na nyingine tena, saa za chakula cha mchana, mtunza ghala akiwa mgahawani.

"Kila mara punda hawa walipokuwa dirishani, nani alikuwa ndani ya ghala?"

"Thomasi, mwenyekiti wa ushirika."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Isaya alikaa chini. Selestina aliipiga meza kofi moja kubwa kwa furaha. Nusu ya kazi yake, eti! Mashine ilikuwa imeona kila kitu, mchana kweupe, msimu mzima, na ilikuwa ikimngojea mtu wa kuiuliza.

"Leo je?"

"Leo mchana punda walikuja. Dirisha halikufunguliwa. Waliondoka kuelekea mlimani."

"Mifuko mitupu," Selestina alisema, akiwa ameshafika mlangoni. "Twende, kabla hawajaupanda ukingo."

Njia ya punda ilitoka mashambani, ikapanda ukingo wa Ngorongoro kwenda Endulen, nyembamba, ya mawe. Gari lilipoishia waliteremka. Hawakwenda mbali. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa amekaa kivulini, shuka la zambarau begani, punda wake wakitafuna nyasi kavu kwa manung'uniko.

"Takwenya, yeyo," Selestina alimwamkia Kimaa.

"Iko." Mama aliitazama sare yake, hakushtuka. Alijitambulisha kuwa Nanyokie, mke wa Moloimet wa Endulen, mchuuzi wa vitunguu minadani kwao. "Mwenyekiti amewatuma? Leo amenitupa. Punda zangu zimesimama dirishani mpaka zimechoka."

"Wewe huwa unasimama wapi?"

"Ng'ambo ya maji. Yeye mwenyewe aliniambia, mama usivuke, punda ziende peke yake. Mara ya kwanza zilikataa. Akazipa majani matamu, basi, sasa hata mimi siziwezi."

"Hukujiuliza kwa nini?"

"Nilimwuliza. Akasema ndani kuna mashine mpya, inaogopesha watu." Nanyokie aliinuka, akaanza kuhisi jambo. "Kwani nimekosa nini? Mimi nalipa. Kila safari nampa mbuzi, jike zuri, si mgonjwa."

"Mbuzi hao ukiwaona utawajua?"

Nanyokie alimtazama kwa huruma, kama aliyeulizwa kama anawajua wanawe. "Sikio la kulia, ncha imekatwa. La kushoto limepasuliwa katikati. Hiyo ni ya boma la Moloimet, hakuna mwingine. Na kama sikio limeoza, nitaijua kwa sura."

Mwenyekiti Thomasi alikuwa uani kwake, kwenye kiti cha mkeka, kikombe cha chai mkononi. Selestina aliingia peke yake. Aliwaacha Isaya na Nanyokie garini, nyuma ya ua wa minyaa.

"Afande, karibu, karibu sana," Thomasi alisema, akiinuka kwa shida ya mtu mwenye kitambi. "Roho inaniuma juu ya Emilian, we acha tu. Nimemjua tangu utoto. Lakini mashine haina upendeleo."

"Kweli kabisa, mwenyekiti, haina upendeleo." Selestina aliketi, akazungusha macho uani. "Aisee, mbuzi wazuri. Umewapata wapi?"

"Hawa? Nimenunua kwa jamaa zangu."

"Wa wapi?"

"Buger."

"Buger ipi? Mimi kwetu ni hukohuko."

Thomasi alipeleka kikombe mdomoni, akakuta kitupu. "Ndani ndani kule. Huwezi kuwajua."

"Wazee wa Buger siku hizi wanapasua masikio ya mbuzi?"

"Alama tu hizo. Za ugonjwa, chanjo, sijui."

"Sikio la kulia ncha, la kushoto katikati. Chanjo gani hiyo, mwenyekiti?"

"Afande, umekuja kwa vitunguu au kwa mbuzi?"

"Nimekuja kwa punda."

Kikombe kiligonga kisahani. Selestina alipaza sauti kidogo tu: "Yeyo, karibu ndani."

Nanyokie aliingia, hakumsalimia mwenyekiti. Alisimama katikati ya ua akatoa mwito mwembamba wa Kimaa, mwito wa jioni wa kurudisha mifugo bomani. Mbuzi wote waliinua vichwa. Wakaacha majani, wakaacha maji, wakamkimbilia na kumzunguka wakilia, na mmoja akaanza kumtafuna shuka. Nanyokie aliyashika masikio yao, la kulia na la kushoto, akamwonyesha inspekta bila neno.

Thomasi alitupa macho upande wa mlango wa ua.

"Ulijua watu wako hawatasema kimeibwa nini," Selestina alimwambia. "Wewe ndiye uliyewaongoza kuapa. Ulijua mtunza ghala ni mwaminifu, na ukatumia uaminifu wake kumfunga. Hayo yote uliyapanga vizuri, nakupa haki yako. Ulikosea kudhani kisichotajwa kwenye taarifa hakikuonekana. Simama, mwenyekiti. Ile nafasi ya Emilian mahabusu sasa ni yako."

Habari zilifika ghalani kabla ya gari. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa wakati Emilian aliposhushwa kutoka Karatu, mkanda mkononi, kola imekunjamana. Wanachama walikuwa wamejaa mlangoni. Mbele yao alisimama Lusia. Alimshika mzee mikono yote miwili, akageukia umati.

"Huyu alinyamaza kwa ajili yetu, na sisi tukanyamaza dhidi yake," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mfereji. "Mimi naona aibu, na yeyote asiyeona ajitokeze nimwone. Kuanzia leo vilemba vyote vinashuka. Sitaki tena siri ambayo mwizi anaweza kuikalia."

Hakuna aliyepinga. Mtu mmoja nyuma aliuliza afande amesikia nini.

"Leo nina mafua, sisikii vizuri," Selestina alijibu. "Kesho nitakuwa nimepona."

Watu wakacheka, halafu wakasogea pembeni, kwa sababu Emilian alikuwa amefika mlangoni. Isaya alibonyeza kishikwambi, akairudisha sura yake, akampungia mkono. Mzee aliinua uso kuelekea kamera, kwa mashaka, kama anayemwamkia mkwe aliyegombana naye.

"Emilian, mtunza ghala," Jicho lilisema. "Karibu kazini."

Komeo likafyatuka, mlango ukafunguka, na vigelegele vikapaa mpaka punda wa Nanyokie wakajibu. Emilian alibaki kizingitini, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Nilisema halili ugali," alimwambia Selestina.

"Bado halili. Na limekutetea, baada ya kuulizwa vizuri. Lizoee, mzee. Liulize kila siku, kama ulivyokuwa ukiyapapasa yale magunia."

Emilian alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akajinyoosha, akapitisha mkanda kwenye suruali, akaiambia kamera kwa sauti ya mwenye ghala lake.

"Jicho. Kuanzia leo, punda watolewe taarifa."

"Punda watatolewa taarifa," Jicho lilijibu. "Na mbuzi?"

Emilian aligeuka kulitazama gari la polisi, ambako mwenyekiti alikuwa amekaa nyuma, uso chini. Lakini hakuwahi kujibu, maana umati wote ulimtangulia.

"Na mbuzi!"